Sh170,000 kwa wimbo ambao tayari uko kwenye simu

“Wimbo si tayari unao kwenye simu? Sasa hao unawalipa wakufanyie nini?”

Swali hilo mama alimuuliza mdogo wangu mwezi Machi, na nadhani mzazi yeyote angeuliza vivyo hivyo. Kijana wa miaka 22, yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea uhasibu, amekaa sebuleni anaomba ruhusa ya kutuma pauni 50 London, kama Sh170,000 za kwetu, ili fundi asiyemjua amchongee santuri. Si santuri mia. Moja. Tena upande mmoja tu wa hiyo moja, kwa sababu upande wa pili una bei yake.

Kama una mtoto anayepiga muziki kwenye sherehe, mazungumzo ya aina hii yatakufikia tu. Leo ni santuri, kesho spika, keshokutwa kompyuta mpya kwa kuwa ya zamani “inakwama”. Wa kwetu ni DJ wa harusi, sendofu na vipaimara. Mimi naandika habari za afya, muziki kwangu ni wa kusikiliza nikiwa napika. Lakini mama aliponigeukia na kusema, “Wewe msomi, hebu tueleze, huyu anaibiwa au haibiwi?” ikabidi nikatafute.

Nilichokikuta ni hiki. Santuri za dukani hazichongwi moja moja. Huchongwa sahani ya mwanzo, kutokana nayo hutengenezwa chapa za chuma, kisha chapa hizo hugandamiza plastiki ya moto kama karani anavyogonga muhuri, nakala mamia au maelfu. Gharama kubwa iko kwenye kutengeneza chapa, ndiyo maana kiwanda hakitaki kusikia habari ya nakala moja. Anayetaka moja huenda kwa fundi wa kuchonga. Huyu huweka sahani tupu kwenye mashine, anashusha sindano iliyopashwa moto, anaanzisha muziki, na sindano inatetemeka kufuata sauti huku ikichimba mfereji mwembamba kama unywele kutoka ukingoni kuelekea katikati. Wimbo wa dakika tano unachongwa kwa dakika tano. Uzi unaotoka kwenye mfereji hunyonywa na bomba wakati huohuo, maana ukibaki pale unaharibu kazi.

Sahani ambazo mafundi hawa wamezitumia miaka yote ni za alumini iliyopakwa laka. Laka ni laini. Kila santuri ya namna hiyo inapopigwa, sindano inakula kidogo, na baada ya kupigwa mara makumi kadhaa zile sauti za juu zinaanza kufifia. Tena laka hiyo inashika moto upesi mno. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kilichopo Banning, California, kiliungua chote, na kilikuwa kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyokuwa vikitengeneza sahani hizo kwa wingi. Kilichobaki kiko Japani. Siku hizi mafundi wengi wa nakala moja moja wamehamia kwenye plastiki ngumu, ambayo inadumu zaidi.

Mama alisikiliza yote hayo akichambua mchele. “Haya. Na faida yake?”

Faida yake ukitaka kuielewa inabidi uende Jamaica. Miaka ya 1950 mjini Kingston, watu wa kawaida hawakuwa na uwezo wa kununua santuri na gramafoni, kwa hiyo walikwenda kucheza kwenye viwanja ambako wenye mitambo walipanga spika kubwa na kutoza kiingilio. Wenye mitambo kama Duke Reid na Coxsone Dodd waligombea wateja kwa kitu kimoja: kuwa na wimbo ambao jirani hana. Walikuwa wanaagiza santuri Marekani, wanakwangua jina kwenye karatasi ya katikati ili mpinzani asijue ni wimbo gani akautafute. Muziki wa Marekani waliokuwa wakiutegemea ulipoanza kuadimika, wakaanza kurekodi wanamuziki wa kwao, na kabla wimbo haujaingia dukani ulichongwa kwenye sahani moja, ukapigwa kwanza uwanjani. Sahani hiyo ndiyo dabupleti. Baadaye waimbaji walilipwa kuimba upya nyimbo zao wakitaja jina la mwenye mitambo ndani yake, ili akizipiga kwenye mashindano kila mtu ajue ni zake.

Inasimuliwa pia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 mwenye mitambo mmoja wa Spanish Town, Ruddy Redwood, alikwenda studio ya Treasure Isle kuchongewa wimbo, fundi akasahau kuingiza sauti ya mwimbaji. Redwood akaupiga hivyohivyo. Watu uwanjani wakaimba wenyewe. Katika studio hiyohiyo alikuwa akichonga King Tubby, fundi wa redio, na kwenye kazi hiyo ya kupunguza sauti hapa na kuongeza mwangwi pale ukakua muziki mzima unaoitwa dabu.

Wajamaika walipohamia Uingereza walikwenda na utaratibu huo. Miaka ya 1990 kaskazini mwa London palikuwa na Music House, ambako ma-DJ walipanga foleni na mikanda yao mkononi wachongewe nyimbo za wikiendi ileile. Muongo uliofuata, kusini mwa jiji, foleni ilikuwa Transition. Kisha zikaja programu za kompyuta na mashine za diski, foleni zikapungua. Kwa hiyo kijana wetu anataka kitu ambacho wengi wa kazi yake walishakiacha, na hilo nilimwambia mama bila kumficha.

“Basi ni sifa,” mama akasema.

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Sioni haja ya kumpamba. Lakini mdogo wangu alikuwa na hoja yake, na sikuona kasoro ndani yake. Alisema ma-DJ wote wa mjini wanapakua nyimbo zilezile usiku uleule. Bibi harusi wa Tabata na bibi harusi wa Mbezi wanaingia ukumbini na wimbo mmoja, umekatwa mahali pamoja. “Dada, mimi nina nini ambacho mwenzangu hana?”

Ndipo alipotaja wimbo anaotaka kuchonga.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa wa Tanga, na alikuwa na sauti. Hakuwahi kuimba kwa malipo wala kuingia studio, aliimba kwenye harusi za ndugu na majirani, akiongoza kina mama. Mwaka 1997, mama mdogo alipoolewa, mjomba aliweka redio kaseti dirishani akabonyeza kitufe. Kaseti hiyo ipo. Ina bibi kwa dakika saba, ina ngoma, ina vigelegele, na mtoto mchanga anayelia katikati inasemekana ni mimi. Bibi alifariki mwaka 2016. Mdogo wangu alikuwa ameihamishia kaseti kwenye kompyuta kimyakimya, akapunguza mvumo, na akatengeneza faili safi kuliko nilivyowahi kuisikia.

Mama aliacha mchele. Hakusema kitu kingine jioni ile, ila kesho yake aliuliza hizo pauni zinatumwaje.

Hapa niseme kwamba kuifuata santuri nchi za mbali si jambo geni kwetu. Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie kwenye santuri. Bendi za Dar es Salaam za miaka ya 1970 zilitegemea Nairobi. Na kwa kuwa mimi ni wa afya, siwezi kuacha kutaja Warusi wa miaka ya 1950, ambao muziki wa kutoka nje waliunyimwa, wakawa wanachonga nyimbo kwa siri juu ya filamu kuukuu za eksirei zilizotupwa na hospitali. Unashika mbavu za mtu mkononi, unaweka sindano, wimbo unatoka. Ni karatasi laini, zilichakaa haraka, lakini zilinunuliwa.

Tuliagiza kupitia mtoto wa mjomba anayeishi London. Alilipa yeye kwanza, sisi tukamtumia. Baada ya siku nne fundi akajibu, na jibu lake ndilo lililobadilisha habari nzima.

Alikuwa na mambo matatu. La kwanza, ngoma nzito akaiweke katikati, isiegemee kushoto wala kulia, la sivyo sindano itaruka. Hilo halikuwa na ubishi. La pili, dakika saba ni nyingi kwa sahani ndogo ya inchi 10 ikizungushwa mizunguko 45 kwa dakika, maana sauti kubwa inahitaji mifereji mipana na nafasi itakwisha. Ama achonge kwa sauti ya chini, ama tuchukue sahani ya inchi 12. La tatu, herufi “s” ya mwimbaji inachoma mno. Je, aipunguze?

Kuhusu hiyo “s” alifafanua vizuri. Sauti kali ya juu inailazimisha sindano ya kuchonga iyumbe haraka sana, na sindano ya kupigia ikija baadaye haiwezi kuzifuata kona hizo, kwa hiyo badala ya “s” unapata mkwaruzo. Karibu na katikati ya sahani ni mbaya zaidi, kwa sababu huko mfereji unapita polepole chini ya sindano na kona zinabanana.

Mdogo wangu alisoma ujumbe ule mara mbili. “S gani?” akauliza.

Mimi na mama tulitazamana. Bibi alikuwa na pengo la mbele, na kila neno lake lenye “s” lilitoka na kafilimbi. Ndivyo tulivyomjua. Watoto tulikuwa tunamwigiza akituita kula. Kwenye faili ile filimbi ilisikika wazi kabisa. Mdogo wangu akavaa hedifoni, akarudisha nyuma, akasema mbona kawaida tu. Nikamwambia asikilize kwa sikio moja moja. Kwa sikio la kulia aliisikia kidogo. Kwa la kushoto alisikia neno, filimbi hakuisikia.

Niliwahi kuandika kuhusu usikivu, na najua kwamba sauti za “s”, “sh” na “f” ziko juu kwenye ngazi ya sauti, na huko juu ndiko kelele huanza kula. Sikumwambia kitu mbele ya mama. Jumatatu nikampeleka hospitali kupimwa.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unaingia kwenye chumba kidogo kisichopitisha kelele, unavalishwa hedifoni, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio, hata ule wa mbali. Matokeo huchorwa kwenye karatasi, sikio la kulia kwa mstari mmoja na la kushoto kwa mwingine. Mistari ya mdogo wangu ilikwenda vizuri, vizuri, halafu kwenye hezi 4,000 ikatumbukia kama shimo barabarani na kupanda tena baadaye. La kushoto lilitumbukia zaidi. Mtaalamu aliitazama karatasi, akauliza, “Unafanya kazi kiwandani?” Alipojibiwa kuwa ni DJ, akauliza hedifoni anaishikia upande gani.

Kushoto. Ma-DJ wengi huandaa wimbo unaofuata kwa sikio moja huku lingine likisikiliza ukumbi. Ili kuusikia ule wimbo juu ya kelele za ukumbi, wanapandisha hedifoni zaidi ya kelele zenyewe. Wa kwetu alikuwa amefanya hivyo kila Ijumaa na Jumamosi tangu akiwa kidato cha tano.

Ndani ya kila sikio kuna chembe zenye vinyweleo, zipatazo 15,000, ambazo hugeuza mtetemo kuwa habari ya kwenda kwenye ubongo. Tunazaliwa nazo hizohizo. Zikifa haziotai nyingine. Sahani ya laka ikichakaa fundi anachonga nyingine kutoka faili lilelile, ila sikio halina faili.

Shirika la Afya Duniani lina hesabu ambayo ningependa kila mzazi wa DJ, mpiga ngoma au fundi spika aibandike jikoni. Sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki bila shida. Ikifika 90 ni saa nne tu kwa wiki. Ikifika 100 ni dakika 20. Mwaka 2022 shirika hilo lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha kwamba wastani wa sauti usivuke desibeli 100, pawe na sehemu ya utulivu ya kupumzishia masikio, na vizibo vya masikio vipatikane. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na mdogo wangu kazini, nikasimama pale anaposimama yeye, nikafungua programu ya kupimia sauti kwenye simu. Programu ya simu si kipimo cha maabara, lakini ilicheza kati ya 96 na 101. Kwa hesabu ile, alikuwa anamaliza mgawo wake wa wiki kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Na sherehe ilikwisha saa sita usiku.

Mama alipoambiwa alisema neno moja: aache. Namwelewa. Mimi pia ningetamani. Lakini kijana akajibu kwa upole, “Mama, nusu ya ada ya muhula huu umelipa wewe. Nusu nyingine?” Nusu nyingine ilitoka kwenye harusi hizohizo, na wote watatu tulikuwa tunajua. Baba hayupo. Mama ana pensheni ya ualimu wa shule ya msingi. Sikuona sababu ya kumwambia mtoto aache kazi inayomsomesha wakati iko njia ya kuifanya bila kuendelea kuumia.

Mabadiliko tuliyoyafanya si makubwa. Amenunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti zote kwa usawa badala ya kuziba tu kama pamba. (Pamba haisaidii, naomba lieleweke.) Ile spika iliyokuwa inamtazama usoni kwa hatua mbili imesogezwa na kushushwa. Nyimbo anaziandaa nyumbani, ukumbini anaangalia kompyuta zaidi kuliko kushika hedifoni. Wakati wa hotuba za wazazi na ugawaji wa zawadi anatoka nje ya ukumbi. Alilolalamikia zaidi ni vizibo, kwamba anahisi yuko ndani ya ndoo. Ilimchukua kama sherehe tano kuvizoea. Na nilimpa dalili za kutozipuuza: mlio masikioni baada ya kazi, kusikia watu kama wananong’ona asubuhi yake, kuomba kila neno lirudiwe. Mlio huo, alikiri, alikuwa nao kwa mwaka mzima. Alidhani ni uchovu.

Lilibaki suala la “s”. Fundi alikuwa anasubiri jibu, na kwa mtazamo wa kazi alikuwa sahihi, kwani santuri safi haina mkwaruzo. Mdogo wangu alikuwa tayari aipunguze. Mama akakataa.

“Hiyo mkiitoa, huyo atakuwa mwanamke mwingine anaimba.”

Tulimwandikia fundi hivyo, kwa Kiingereza chetu. Hakubisha. Alipendekeza sahani ya inchi 12, ichongwe kwa sauti ya chini kiasi, sehemu yote ya bibi ikae kwenye mifereji ya nje ambako sindano inapita kwa kasi, na mashairi ya mwisho yasifike karibu na katikati. Alishauri pia plastiki ngumu badala ya laka, kwa kuwa alielewa hii haitakuwa ya wiki mbili. Tukaongeza pauni 15.

Ilikuja mwezi Julai ndani ya sanduku la mtoto wa mjomba, imefungwa katikati ya mataulo. Nyeusi, upande mmoja una mifereji na mwingine ni laini kama kioo, katikati karatasi nyeupe iliyoandikwa kwa mkono jina la bibi na 1997. Mdogo wangu aliiweka kwenye ile mashine yake moja aliyomnunulia DJ mzee aliyestaafu. Ukaanza mvumo, kisha ngoma, kisha bibi. Mama alikaa kwenye mkeka karibu na spika. Filimbi ipo. Imelainika kidogo, ila ipo.

Ameipiga ukumbini mara moja tu, kwenye harusi ya binti wa yule mama mdogo aliyeolewa siku ya kaseti. Hakutangaza. Kina mama wa Tanga waliokuwa meza ya nyuma ndio walionyanyuka kwanza. Wengine waliokuwepo walidhani ni taarabu ya zamani ya redioni, wakaja kumuuliza jina la mwimbaji ili wakaipakue. Akawaambia haipakuliki.

Kipimo cha marudio ni Novemba. Mtaalamu amesema hategemei shimo la hezi 4,000 lifukike. Anachotaka ni kulikuta palepale alipoliacha.